Kisukari aina ya pili: kipimo cha mchochota kwenye damu hakipimi miguu yako

Hali hii inajirudia kambini na kwenye makazi ya wakimbizi. Mtu mwenye kisukari anasikia miguu ikiwaka moto usiku, au anaona ganzi inapanda kutoka vidoleni. Anakwenda kwenye maabara ya binafsi sokoni, analipia kipimo cha damu kinachoandikwa CRP, na anarudi nyumbani na karatasi yenye namba. Namba ikiwa juu, anaogopa. Ikiwa chini, anajiambia kwamba mishipa yake ya fahamu ni mizima. Huyu wa pili ndiye aliye hatarini zaidi.

Makala hii inaeleza vipimo hivyo vinapima nini, vinahusiana vipi na madhara ya kisukari kwenye mishipa ya fahamu, na ni kipimo gani cha miguu unachoweza kufanyiwa nyumbani bila kulipa chochote. Ni kwa wakimbizi na wenyeji pia. Haichukui nafasi ya ushauri wa mhudumu wa afya anayekufahamu.

Mchochota ni nini?

Ukichomwa na mwiba, mahali pale panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto na panauma. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi yake, na kwa Kiswahili cha hospitali inaitwa mchochota. Mwiba ukitoka na kidonda kikipona, mchochota nao unaondoka.

Kuna mchochota mwingine ambao hauonekani. Hauleti homa wala uvimbe. Uko kidogo kidogo mwili mzima na unakaa miaka. Watu wengi wenye kisukari aina ya pili wanao. Sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta yanayojikusanya tumboni, kwa sababu mafuta hayo si akiba tu: yanatoa kemikali zinazobeba ujumbe mwilini. Mbili zinazotajwa sana ni TNF-alpha na IL-6. Mwaka 1993 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba TNF-alpha inayotoka kwenye mafuta inafanya insulini ishindwe kufanya kazi vizuri. IL-6 nayo ikifika kwenye ini, ini hutengeneza protini nyingine iitwayo CRP, na hiyo ndiyo maabara inayopima.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la watu wanene peke yao. Mtu mwembamba anaweza kuwa na kisukari aina ya pili, na anaweza kubeba mafuta ndani ya tumbo bila nguo zake kumbana.

Vipimo vyenyewe

CRP iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Mpaka leo kazi yake kubwa ni hiyo: kuonyesha kwamba kuna maambukizi au jeraha. Hupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikiisha hushuka kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo namba ya leo inaeleza habari za wiki hii. Haiwezi kukueleza sukari yako imekuwaje kwa miaka mitano.

Mchochota wa kisukari kwa kawaida hupandisha CRP kidogo tu, mara nyingi ikabaki chini ya miligramu 10 kwa lita. Malaria, nimonia, jino bovu au kidonda vinaweza kuipeleka mbali zaidi ya hapo. Tena vifaa vya kawaida vya CRP havisomi vizuri tofauti ndogo za chini. Kuna kipimo maalumu chenye usikivu mkubwa, nacho hakipatikani kwenye maabara nyingi za sokoni. Ukipimwa CRP siku ambayo una malaria, umepima malaria.

Kipimo cha pili ni ESR. Kama umetoka Congo au Burundi utakikumbuka kwa herufi VS. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama, na baada ya saa moja wanasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Ni kipimo rahisi, lakini upungufu wa damu hukipandisha, ujauzito hukipandisha, na umri mkubwa hukipandisha. Kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, ESR ya juu peke yake haisemi lolote kuhusu miguu yake.

Cha tatu ni hesabu ya chembe za damu, inayoandikwa CBC au FBC, na kwa waliozoea Kifaransa NFS. Watafiti wa nchi mbalimbali wamechukua idadi ya aina moja ya chembe nyeupe (nyutrofili) wakaigawa kwa idadi ya aina nyingine (limfosaiti), na wameona kwamba jibu huwa kubwa zaidi kwa watu wenye kisukari ambao mishipa yao ya fahamu imeharibika. Lakini hakuna namba iliyokubaliwa na wote ambayo mganga anaweza kusema "ukivuka hapa, neva zako zimeguswa".

Sukari inafikaje kwenye mishipa ya fahamu?

Fikiria bomba la maji la kambi. Maji yanatoka kwenye tangi na kupita vitongoji vyote hadi kwenye kituo cha mwisho. Presha ikipungua, wa kwanza kukosa maji ni wale wa mwisho wa bomba. Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote mwilini: kwa mtu mzima inaanzia mgongoni na kusafiri karibu mita moja. Kila inachohitaji lazima kisafiri umbali huo. Ndiyo maana ganzi ya kisukari huanza vidoleni, kwa miguu yote miwili, ikapanda kama mtu anavaa soksi. Ikifika karibu na magoti, mara nyingi vidole vya mikono navyo huanza.

Kinachopunguza presha ni mambo kadhaa kwa pamoja. Sukari nyingi inaharibu mishipa midogo sana ya damu inayolisha neva. Ndani ya neva yenyewe, sukari iliyozidi hugeuzwa kuwa vitu vingine vinavyoichosha, na huganda kwenye protini zake. Mafuta mengi kwenye damu, presha ya juu na sigara vinaongeza uharibifu. Na ule mchochota wa kimyakimya unakuta neva ambayo tayari imechoka na kuidhuru zaidi.

Uhusiano huo kati ya mchochota na neva umepimwa. Huko Augsburg, Ujerumani, watafiti wamefuatilia wakazi wa mji na vitongoji vyake kwa miaka mingi. Waliona kwamba watu wazima ambao damu yao ilikuwa na IL-6 na TNF-alpha nyingi zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata uharibifu wa neva miaka iliyofuata. Ni matokeo ya maana, kwa sababu yanawapa wanasayansi mahali pa kutafuta dawa mpya.

Ila matokeo hayo ni ya kundi. Kwa wastani wanaume ni warefu kuliko wanawake, lakini ukiambiwa kwamba mtu fulani ana urefu wa sentimita 168, huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Alama za mchochota ziko hivyo hivyo. Wapo wenye CRP ya chini ambao hawasikii msumari ukiingia kisiginoni, na wapo wenye CRP ya juu ambao neva zao ni nzima kabisa.

"Kama ni mchochota, si ninunue diclofenac?"

Hapana, na hapa tunaomba usome polepole. Diclofenac, ibuprofen na dawa nyingine za jamii hiyo hutuliza mchochota wa kiungo kilichoteguka. Haziondoi ule wa kisukari na hazirudishi neva. Kinachotia wasiwasi ni kwamba kisukari hudhuru figo, na dawa hizi zikimezwa kila siku zinaongeza mzigo kwenye figo hizo hizo, pamoja na kuleta vidonda vya tumbo.

Deksametazoni na prednisoloni ni hatari zaidi kuzinunua kiholela. Ni dawa zenye nguvu kweli dhidi ya mchochota, na zina kazi zake hospitalini, lakini zinapandisha sukari. Kwenye baadhi ya maduka ya dawa utapewa vidonge vichanganywe kwenye kijikaratasi bila jina, na maumivu yanapungua siku hiyo hiyo. Kama una kisukari, usimeze kidonge ambacho muuzaji hawezi kukutajia jina lake.

Watafiti wa Marekani waliwahi kujaribu salsalate, dawa ya zamani ya jamii ya aspirini, kwa watu wenye kisukari aina ya pili. Sukari ilishuka, lakini kidogo tu, na haikufanywa kuwa tiba ya kawaida ya ugonjwa huu.

Kwa maumivu yenyewe ya neva, yale ya kuwaka, kuchoma kama pilipili, au kama siafu wanatembea ndani ya ngozi, zipo dawa nyingine. Inayopatikana zaidi kwenye vituo vyetu ni amitriptyline, kidonge kidogo kinachomezwa jioni. Dawa hiyo hutumika pia kwa watu wenye huzuni kubwa, ndiyo maana wengine huikataa wakidhani wameambiwa wana matatizo ya akili. Sivyo. Kwa neva hutolewa kwa kipimo kidogo. Inaleta usingizi na kukausha mdomo. Mzee mwenye shida ya kukojoa, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, amwambie tabibu kabla ya kuanza.

Kipimo cha vidole sita

Mwaka 2011 madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walichapisha kipimo ambacho hakihitaji kifaa wala umeme. Walikilinganisha na kijiuzi maalumu cha nailoni ambacho kliniki hutumia kugusa nyayo, na matokeo yalikaribiana sana. Mtu yeyote wa nyumbani anaweza kukufanyia.

Vua viatu na soksi, lala au kaa na miguu imenyooshwa. Anayekupima akuguse kwanza mguu wa kulia na kukwambia "huu ni wa kulia", kisha wa kushoto, ili msichanganyane. Sasa funga macho. Kwa ncha ya kidole chake cha shahada, aguse taratibu ncha ya kidole gumba cha mguu, kidole cha kati na kidole cha mwisho, kwa miguu yote miwili, bila kufuata mpangilio unaoweza kuubahatisha. Kila mguso uwe wa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asikwaruze, asitekenye, na asirudie kidole alichokwisha kugusa. Kila ukisikia, sema "kulia" au "kushoto".

Ukikosa kusikia vidole viwili au zaidi kati ya sita, chukulia kwamba miguu yako imepungukiwa na hisia, na nenda kliniki ukaeleze hivyo. Ukisikia vyote, vizuri, lakini bado uchunguzwe miguu kliniki angalau mara moja kwa mwaka. Wengine hukutwa na uharibifu siku ile ile wanapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana kisukari, kwa sababu sukari ilikuwa juu kwa miaka bila wao kujua.

Kwa nini tunasisitiza ganzi kuliko maumivu? Mguu unaouma humpeleka mtu hospitali. Mguu wenye ganzi humwacha atembee juu ya kidonda. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya usiku wakiwa wamelala, wasijue mpaka walipoona damu asubuhi. Kwenye nyumba za turubai na udongo hilo si jambo la kushangaza. Moto wa mafiga, maji ya moto ya kuoga, kokoto ndani ya kandambili: vyote vinaweza kuanzisha kidonda, na kidonda kikiachwa mguu unaweza kukatwa.

Kwa hiyo kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Kama huwezi kuinama, mwombe mtoto akuangalizie, au tumia kipande cha kioo. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko cha mkono. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na usitembee peku hata ndani ya nyumba. Sugu isikatwe kwa wembe. Ukiona kidonda, hata kidogo, kioshe kwa maji safi, kifunike, na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake, bila kupaka majivu, dawa ya meno wala majani. Ikiwa kuna usaha, harufu, weusi au homa, usingoje kesho.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, lakini hauumi au unauma kidogo tu, acha kuukanyagia na nenda hospitali. Mifupa ya mguu wenye ganzi inaweza kuvunjika na kusagika bila mtu kuhisi. Hapo CRP inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku mguu unaharibika.

Basi vipimo hivi havina kazi?

Vinayo, mahali pake. Mtu mwenye kidonda cha mguu kilichokaa muda mrefu, tabibu akishuku kwamba maambukizi yameingia kwenye mfupa, ESR na CRP humsaidia. ESR iliyovuka 70 kwa mgonjwa kama huyo inatilia nguvu shaka hiyo, na rufaa kwenda hospitali kubwa hupata sababu. Tabibu akikuandikia kipimo kwa ajili hiyo, kifanye. Tunachokushauri ni kutotumia pesa ya chakula kujipima mwenyewe CRP ili kujua hali ya neva. Kama una pesa ya kipimo kimoja tu, uliza kuhusu HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Mwambie mhudumu kama una selimundu, umepungukiwa damu au umeongezewa damu karibuni, kwa kuwa hayo hupotosha jibu lake.

Kushusha sukari kunasaidia kweli. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, wenye wagonjwa 5,102 wa kisukari aina ya pili, ulipotoa matokeo mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu kwa robo, hasa ya macho. Kwa neva faida huwa ndogo kuliko kwa macho, na neva iliyokufa hairudi. Ndiyo sababu ya kuanza mapema.

Si kila ganzi ni ya sukari

Hili linasahaulika hata kliniki, kwa hiyo lisome na ulikumbushe. Metformin, dawa ya kwanza ya kisukari aina ya pili, ikitumika kwa miaka hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Tofauti ni kwamba huu una tiba. B12 hupatikana kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Unga wa mahindi na maharage hauna. Mtu anayeishi kwa mgao peke yake na kumeza metformin miaka minne au mitano ana sababu mbili za kupungukiwa. Usiache dawa, uliza kuhusu B12. Na ukipata senti, dagaa (ndagala kwa wa Tanganyika, mukene kwa wa Uganda) ni chanzo kizuri na cha bei nafuu kuliko nyama.

Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazid nayo huleta ganzi, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Virusi vya UKIMWI, ukoma, na unywaji wa muda mrefu wa pombe kali, iwe waragi, lotoko au kanyanga, huharibu neva pia. Ganzi iliyo mguu mmoja tu, iliyokuja ghafla, au iliyoanza na doa lisilo na hisia kwenye ngozi, inahitaji uchunguzi mwingine.

Neva za ndani nazo huguswa: kizunguzungu ukisimama, tumbo kujaa baada ya kula kidogo, nguvu za kiume kupungua. Haya huonewa aibu, lakini tabibu anapaswa kuyajua.

Unapokwenda kliniki, au unapohama

Nenda na daftari lako la matibabu na vidonge vyote unavyomeza, pamoja na vile vya dukani na vya mitishamba. Sema wazi: "Miguu yangu haijakaguliwa mwaka huu." Nchini Uganda vituo vya afya vya serikali havitozi ada, kwa mkimbizi na mwenyeji sawa, ingawa dawa huisha mara kwa mara, uliza siku ya kliniki ya kisukari na siku dawa zinapofika. Wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kukuandikisha kama huwezi kutembea.

Ukihamishwa, au ukirudi nyumbani, angalia namba zako ziliandikwa kwa kizio gani. Uganda, Kenya na Tanzania huandika sukari kwa mmol/L. Congo na Burundi utakuta g/L au mg/dL. Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L, kiwango ambacho kisukari hutambuliwa, ni sawa na 126 mg/dL au 1.26 g/L. Kupata mmol/L, gawa mg/dL kwa 18. Mtu aliyezoea kuona 1.26 anaweza kushtuka akiona 7, na aliyezoea kuona 7 anaweza kudhani 1.9 ni nzuri, kumbe ni zaidi ya 10.